Uzito wa Mshale wa Shemeji

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Ilikuwa siku niliyofurahi mpaka nikaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu tu mishale ya mume wa dada yangu ilikuwa inakwenda upande. Wewe, mtoto wa jirani yangu, umenijia na mishale yako ya kaboni, unaniuliza uongeze uzito gani pale mbele, na kabla sijafungua kinywa umeongeza swali la pili: yule rafiki yako wa Gikundamvura ameweka kiasi gani? Swali la kwanza ni la upinde. La pili nalijua linatoka wapi, maana nimeishi nalo, na nikisema kweli bado hunitembelea. Basi kaa. Chai ipo, na mpunga wa leo umeshaingia ndani.

Sijawa mzee sana, mvi hizi zilikuja mapema. Wakati ninaousema nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, ninalima mpunga huku chini Bugarama. Baba yangu, Mzee Kalisti, aliishi juu, Gitambi, na watu wa milima ile walimjua kwa kitu kimoja, upinde wake. Ninyi mmezaliwa wakati kumasha, huu mchezo wetu wa kulenga shabaha, umekuwa jambo la sikukuu lenye fulana na vipaza sauti. Kwa baba ulikuwa heshima ya nyumba. Upinde wenyewe aliupata kwa babu, mrefu kuliko mtu, mgumu kuvuta, mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu wawili. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Tangu utotoni nilijua upinde ule ni wangu kama nilivyojua jina langu, na hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Ndipo dada yangu Spesioza akaolewa na Faustin.

Faustin alikuwa mtu wa Bukavu, mfanyabiashara wa vitenge, kila siku kwenye daraja la mpakani, huku kwetu na ng'ambo kwao, akapanga nyumba Kamembe. Sasa, mwanangu, kwetu mkwe ana adabu yake. Hukaa mbali kidogo na baba wa mkewe, hula kwa haya, hucheka kwa kipimo. Faustin kipimo hicho hakukijua, au alikijua akakiacha mpakani. Kila Jumapili baada ya misa alipanda Gitambi na mkate na sukari, akaketi ubavuni mwa baba, akaanza kuuliza. Upinde huu ni mti gani? Kamba hii inasokotwaje? Na baba, ambaye mimi alinijibu kwa kukohoa, yeye alimjibu kwa hadithi. Niliwahi kuwakuta wanacheka wote wawili mpaka baba anafuta machozi. Sikuwahi kumchekesha baba yangu hivyo. Nikaanza kumchukia Faustin hata kwa namna alivyokata tonge la ugali.

Mwaka ule mkono wa baba ulianza kutetemeka. Akatuita sote, akasema siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno, ataukabidhi upinde. Nikajiweka sawa kwenye kigoda, nikamtazama mke wangu. Baba akaendelea: "Hii upinde haifuataka damu. Inafuata mukono. Benyi kuitaka batapiga mbele ya bantu, na hii hii, kila muntu mishale tatu. Mwenye atapiga muzuri, ataibeba." Akasema "benyi kuitaka," wenye kuutaka, kana kwamba ni wengi, na mle ndani tulikuwa vijana wawili tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Mimi mwenyeji nilianza kuugua siku ile.

Muda si mrefu Faustin akaja na mishale ya kaboni. Padri mmoja mzungu, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, alimwachia fungu zima. Sisi tulikuwa hatujaiona. Myeusi, myembamba, yenye uwazi ndani kama bua, na myepesi mno. Yetu ilikuwa ya mti, na mbele ina kichwa cha chuma cha mhunzi. Ile ilikuja na ncha ndogo tu, kama ya kalamu. Faustin akaomba ruhusa ya kuipiga kwa upinde wa baba, na hiyo ndiyo siku niliyokutajia. Upinde ulipiga kelele kama mlango wenye kutu. Mshale ukatoka unatikisa mkia, ukakimbilia kushoto, ukaligonga shina la mgomba kwa ubavu na kuanguka chini. Wa pili vilevile. Nikaziba mdomo. Nilirudi Bugarama nikiimba, na mke wangu Mariya akaniuliza kama nimeuza mpunga.

Lakini baba hakucheka. Alikichukua kile kijiti cheusi, akakilaza juu ya kidole kimoja kutafuta mahali kinapolalia bila kuinamia upande, akamtazama Faustin. Nilisikia akimwambia, "Mushale yako haiko mubaya. Kichwa tu njo haina. Ya kwetu banaibebeshaka chuma mbele, sababu mbele njo inaonyesha nyuma njia. Kuya Jumapili, tutaibebesha."

Jumapili ile wakakata koki kuukuu ya bomba, ya shaba ya njano, kwa msumeno wa chuma. Wakasugua vipande kwa tupa mpaka vikaingia ndani ya bua la mshale, nyuma ya ncha. Wakavigandisha kwa ile gundi inayolainika kwa moto, ili kipande kikikosewa kiweze kutolewa. Mshale mmoja wakauacha bila manyoya ya mkiani, kwa sababu mshale usio na manyoya hausemi uongo. Wakaupiga. Ulikwenda kushoto, lakini si sana kama mwanzo. Wakaongeza kipande. Wakaupiga tena. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Nikuambie kinachotendeka, maana ndicho ulichokuja kutafuta. Mshale ukiachiwa hujipinda kidogo unapopita ubavuni mwa upinde, kisha hujinyoosha. Ukiwa mgumu mno kwa upinde wako haujipindi, unasukumwa kando. Uzito wa mbele huulainisha, na mwendo wake hutulia, na upinde wenyewe hunyamaza kwa kuwa umepata kitu cha kusukuma. Siku moja mshale wa Faustin usio na manyoya uliingia katikati ya shina, umenyooka, na upinde haukusema neno. Haya yote nayajua kwa kusimuliwa na dada yangu. Mimi sikuwepo.

Kwa nini sikuwepo? Kwa sababu sikuitwa.

"Kila Jumapili anamwita Faustin," nilimwambia Mariya. "Mimi hajaniita hata mara moja."

"Kwani ni wapi huko?" akaniuliza. "Si ni kwenu?"

"Hajaniita, nimesema."

Akarudi kuchambua maharage yake. Mwanamke yule alikuwa na njia ya kuchambua maharage iliyokuwa hotuba kamili. Nilimsikia, nikakataa kumwelewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na shingo yangu wakati ule ilikuwa imekakamaa.

Kisha Faustin akanifanyia jambo baya kuliko yote. Alinifanyia wema. Alishuka mpaka Bugarama kwa pikipiki, amebeba nusu ya mishale yake ya kaboni imefungwa kwa kitenge.

"Bofrère," akasema, ndivyo mashemeji wanavyoitana ng'ambo, "kamata hizi. Siyo muzuri mi nipige na ya kisasa, weye upige na ya zamani. Na hii moya imekwisha kutengenezwa, uangalie vile tulifanya. Kuya Jumapili kule kwa Papa, tutafanya na zako."

Umesikia, mwanangu? Mtu wa Bukavu ananialika kwa baba yangu mwenyewe! Nilisema asante ya midomoni tu. Chanda chema huvikwa pete, na Faustin alikuwa chanda chema, hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi.

Alipoondoka niliuchukua ule mshale wake uliokamilika, nikaulaza juu ya kidole kama nilivyoona baba akifanya. Nikaweka alama kwa ukucha mahali ulipolalia. Halafu nikatia ncha kwenye moto, gundi ikalainika, nikatoa shaba yake na kuipima kwa kijiti, nikairudisha. Sasa nilikuwa na siri yao. Na nikajiambia, kama kidogo kimemfaa, kingi kitanifaa zaidi. Nilinunua koki kwa wauza vyuma chakavu wa Kamembe, nikakata vipande vyangu virefu kuliko vyake, karibu mara mbili. Mwiga tembo hupasuka msamba, lakini nani humkumbusha mwenye wivu methali?

Nikawa nafanya mazoezi peke yangu kwenye tuta la shamba, kwa upinde wangu mdogo, ule niliouchonga mwenyewe, mlaini. Na mishale ikanyooka! Ilianguka mapema kidogo, lakini ilikwenda sawa, imetulia, inazama kwenye shina la mgomba kwa kishindo kizito kilichonipendeza. Ningetakiwa kuijaribu kwa upinde wa baba, ambao ndio tungeutumia. Lakini upinde wa baba ulikuwa Gitambi, na Gitambi kulikuwa na Faustin. Kila Jumapili nilivaa viatu, nikavivua.

Siku ya sikukuu walikuja watu kutoka Gitambi yote, na wengine kutoka Rwimbogo. Pombe ya ndizi ilikuwepo, mtama ulikuwepo. Shina bichi la mgomba lilisimamishwa mbele ya ukingo wa udongo. Mimi kama mtoto wa nyumba nilianza. Baba akanipa upinde kwa mikono miwili inayotetemeka. Nilipouvuta nikausikia ugumu wake kifuani, na nikauvuta mbali, kwa kuwa mikono yangu ni mirefu, niliitoa kwa mama. Nikaachia.

Mshale ulijipinda kama samaki aliyetupwa mchangani. Watu wote waliuona. Ulikwenda kulia, ukashuka, ukalala kwenye majani kabla ya kufika kwenye shina. Mtu mmoja nyuma akaguna. Wa pili nililenga kushoto ili kuudanganya, nao ukapita kushoto kabisa, ukaingia kwenye mihogo ya jirani. Mshale usio wako hauna hata adabu ya kukosea upande mmoja.

Ilibaki mmoja. Faustin akanisogelea, akainamisha kichwa ili watu wasisikie. Mkononi ameshika mshale wake. "Bofrère, zako ziko na uzito mingi sana. Kamata yangu. Hata haitakuwa sawa na mukono yako, lakini itafika. Tafazali."

Alikuwa anataka nipige shabaha, mwanangu. Upinde uliokuwa karibu kuwa wake, aliniwekea mkononi njia ya kuupata. Nikamwambia, kwa sauti ambayo watu walisikia, "Mimi si mgeni hapa. Sihitaji msaada wa mtu wa kuvuka daraja."

Dada yangu Spesioza, aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, akaangalia chini. Nilipiga mshale wangu wa tatu, na sitakusimulia ulikokwenda, kwa sababu sikuutazama.

Faustin alipiga mitatu. Wa kwanza uliingia katikati, wa pili karibu yake, wa tatu pembeni kidogo kwa kuwa, nadhani, alikuwa na huzuni. Wanawake walipiga vigelegele. Baba akampa upinde. Faustin aliupokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, amepiga magoti, na mimi nilishuka mlima bila kula.

Asubuhi yake nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mpunga nilipoona pikipiki inasimama barabarani. Baba akashuka. Alikuwa hajawahi kuja shambani kwangu kwa pikipiki, aliziogopa. Akapita juu ya tuta taratibu, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine uko mfukoni. Nikamwamkia. Alitoa mfukoni kikopo cha ugoro, akakifungua, akamimina vilivyomo kwenye kiganja changu.

Vilikuwa vipande vya shaba. Vimesuguliwa vizuri, vyote sawasawa, vifupi kuliko vya Faustin.

"Ya nani hizi, Papa?"

"Ya weye. Nilizikata siku moya na zile za Faustin, ku ile ile koki. Mukono yako iko murefu, unavutaka mingi, mushale yako inalegea mbio. Weye unaombaka kidogo tu pale mbele. Nilijua tangu uko mutoto."

Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema: "Mbona hukuniita?"

Baba akanitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Kukuita?" akasema. "Mwanangu, mugeni njo banamuita. Faustin iko mugeni, nisipomuita ataogopa kuingia. Weye iko kwako. Mutoto haalikwaka kwabo, anakuyaka tu. Kila Jumapili nilikuwa nabakisha kiti. Spesioza anauliza, hii kiti ni ya nani? Ninamuambia, acha, iko na mwenyewe." Akafunga kikopo kitupu, akakirudisha mfukoni. "Mi nilifikiri unanizarau. Nilifikiri, huyu amekuwa mukubwa, hana tena kazi na upinde ya muzee. Na kama umenizarau, nitakupatia upinde namna gani?"

Basi. Mimi nilikuwa nakaa huku chini naona wivu juu ya mtu aliyealikwa, na yeye anakaa kule juu ananingoja mimi niliyekuwa sihitaji mwaliko. Tukasimama pale kwenye tuta, ndege wanakula mpunga wangu, hakuna aliyewafukuza.

Wiki hiyo nilikwenda Kamembe, kwa Faustin. Nilimwomba msamaha mbele ya dada yangu. Akacheka, akasema, "Bofrère, achana na ile," akanipa upinde niuazime. Nilitoa shaba zangu ndefu, nikaweka zile fupi za baba. Nilipiga nyuma ya nyumba yake, kwenye shina la mgomba, hakuna mtu anayetazama zaidi ya kuku. Mshale uliingia katikati, umenyooka, upinde kimya. Niliuchomoa, nikapiga tena, ukaingia palepale. Nikakaa chini nikalia kama mtoto, maana nilijua sasa kwamba upinde ule ungekuwa wangu.

Usidhani wivu uliisha siku ile. Baba hayupo tena, Mungu amweke pema, na upinde uko kwa Faustin mpaka leo, umening'inia sebuleni, anaupaka mafuta vizuri kuliko ambavyo mimi ningeupaka. Kila nikiingia mle macho yangu huenda ukutani kabla ya kumsalimia mtu. Faustin anaona. Huniwekea chakula, hanisemi.

Sasa nikujibu ulichouliza. Usiniulize rafiki yako ameweka kiasi gani. Yeye ana upinde wake na mkono wake, na wewe hujui anavuta hadi wapi. Usione vyaelea, vimeundwa. Chukua upinde utakaoupiga kweli, usichukue ule unaokubembeleza. Acha mshale mmoja bila manyoya. Ongeza uzito kidogo, piga, tazama. Ukikimbilia kushoto, na wewe ni mtu wa mkono wa kulia, bado ni mgumu, ongeza. Ukikimbilia kulia, umezidisha, punguza. Ukinyooka, simama hapo, hata kama mwenzako ameweka mara mbili. Na kabla ya kupiga kila mshale wa kaboni, ukunje kidogo karibu na sikio, ukisikia unalia, uvunje utupe, maana ukipasuka mkononi vipande vyake huingia kwenye nyama.

Na hili la mwisho si la mishale. Ukiona mtu anapendwa nyumbani kwenu, usikae nje ukihesabu mara ngapi ameitwa. Ingia. Vuta kiti ukae, hata kama umekasirika, ukasirikie humo humo ndani. Wanaokupenda kweli mara nyingi hawakuiti, kwa kuwa hawakujua kama umetoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotamani mkono wa mtu, akutulizie kamba yako, na mzee wako akuone unakuja njiani angali ana macho ya kukutambua. Simu yako, hiyo unayotaka kumuulizia rafiki yako, iache hapa kwanza, na hiyo mishale pia. Baba yako yuko nyumbani leo, nimemwona asubuhi. Pita kwake, usingoje kuitwa.